Kumpa Mungu nafasi katika siku iliyojaa kazi: tunavyofanya huku Kigoma

Bwana asifiwe, wapendwa. Mimi naanika na kuuza dagaa mwaloni Kibirizi, pale mitumbwi inaposhusha samaki, na jioni naongoza ibada ya nyumbani mtaani kwetu. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: mtu anayeamka na kazi na kulala na kazi atapata wapi muda wa kukaa na Mungu? Tuanzie kwenye Zaburi ya 139: "Niende wapi nijiepushe na roho yako?" Mungu yuko mwaloni kabla hujafika na beseni lako. Kinachotakiwa ni kumwachia nafasi ndani ya kazi unayoifanya tayari. Fuata hatua hizi kwa utaratibu, wala usizianze zote siku moja.

Hatua ya 1: Chagua kazi mbili za kuombea

Usianze na saa. Huku kwetu mwezi ndio unaopanga maisha. Wakati wa giza mitumbwi inatoka jioni na taa zake, inarudi alfajiri. Mbalamwezi ikikolea taa hazivuti dagaa, wavuvi wanapumzika. Mke wa mvuvi ukimwambia aombe saa kumi na moja kila alfajiri, ratiba hiyo itavunjika kabla mwezi haujaisha, naye atajiona ameshindwa kiroho kumbe ni ratiba tu iliyokuwa ngumu.

Kwa hiyo andika kwenye karatasi mambo usiyoweza kuyaruka: kuwasha moto, kuteka maji, kufungua genge, kungoja abiria kijiweni, kugeuza dagaa. Chagua mawili tu. Ndugu mmoja wa Ujiji alichagua adhana ya alfajiri ya msikiti wa jirani. Ikiita, naye anapiga magoti kitandani kwake na kusali Baba Yetu. Nilifurahi sana kusikia hivyo.

Hatua ya 2: Tafuta maneno machache ya kusema hapo

Soma Nehemia 2:4-5. Mfalme anamuuliza ana haja gani. Nehemia anasema, "Basi nikamwomba Mungu wa mbinguni," kisha anamjibu mfalme palepale. Maombi hayo yalikaa katikati ya swali na jibu, na Mungu aliyasikia.

Ninapomwaga dagaa kwenye mchanga nasema, "Bwana, uko hapa." Wakishakauka upande wa juu na ninapowageuza, nataja jina la mtu mmoja anayehitaji kuombewa. Basi. Jua la Kibirizi halikupi nafasi ya hotuba.

Lakini pagumu ni kwenye kupima. Mteja ametoka mbali, hawajui dagaa wetu, na debe liko mkononi mwako. Unaweza kuweka wabichi chini na wakavu juu, au kuacha mchanga uongeze uzito. Mithali 11:1 inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana. Mtu aliyesema "uko hapa" asubuhi hawezi kuyameza maneno hayo mchana. Ndiyo maana nawashauri wafanyabiashara wote, awe wa dagaa, wa mawese au wa vitenge, kwamba moja ya zile kazi mbili iwe ni dakika ya kutaja bei. Vuta pumzi, mwombe Mungu kimoyomoyo, ndipo useme. Wengine wataona umechelewa kujibu, waache waone.

Hatua ya 3: Ondoa kitu

Mwanamke wa Shunemu, katika 2 Wafalme 4, alimwambia mumewe wamtengenezee Elisha chumba kidogo ukutani: kitanda, meza, kiti na kinara cha taa. Vitu vinne. Wewe uliyepanga chumba kimoja na watoto watatu hutapata chumba kingine, ila unaweza kupata kigoda. Kiweke pembeni na Biblia juu yake, wala pasiwekwe kitu kingine hapo, hata funguo.

Simu iache inachaji mbali mpaka umalize. Kama unasoma Biblia kwenye simu, zima data kwanza.

Hatua ya 4: Soma kidogo, kwa sauti

Anza na Injili ya Marko, yenye sura 16. Soma habari moja tu kwa siku. Inatosha.

Hatua ya 5: Ulizaneni jioni

Wakati wa kula, kila mtu aseme ni wapi leo ameuona mkono wa Mungu. Yakobo alipoamka kule Betheli alisema, "Kweli BWANA yupo mahali hapa, wala mimi sikujua." Wengi wetu tunajua jioni kilichotupita mchana. Watoto waanze, maana wakubwa wakitangulia watoto wanaiga. Asiye na jibu anyamaze kwa amani. Asilazimishwe kutunga ushuhuda.

Siku kazi yenyewe ikikatika

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wapate kuzaliana. Mchanga ukawa mtupu, na maombi tuliyoyafunga kwenye dagaa yakakosa pa kukaa. Tukayahamisha. Wengine waliyapeleka shambani, wengine kwenye kukamua mawese, na mmoja wetu kwenye foleni ya maji. Jioni tulisoma Zaburi ya 13, inayoanza na "Ee BWANA, hata lini", tukaisoma kama ilivyo bila kuipunguza makali, kwa sababu marejesho ya kikoba yalikuwa yanadaiwa na hela haikuwepo. Kumlalamikia Mungu usoni pake nako ni kuwa naye.

Kwa hiyo kazi ikibadilika, kwa ugonjwa, msiba, uzazi au kuhama, rudi kwenye hatua ya kwanza na karatasi mpya. Maneno yako yabaki yaleyale. Badilisha tu mahali pa kuyasemea.