Jinsi ya kutengeneza kalaka, kiunzi cha mifupa cha karatasi cha Meksiko

Kalaka hatishi mtu. Huwekwa kwenye meza ya kuwakumbuka marehemu tarehe 1 na 2 Novemba, kati ya mishumaa, mkate na maua ya manjano, naye yuko kazini: anapiga gitaa, anauza matunda, anaendesha baiskeli. Basi kabla hujashika waya, amua huyu unayemkumbuka alipenda kufanya nini. Hilo likikosekana, utabaki na mifupa tu.

1. Waya
Chukua waya laini wa kufungia nondo. Ukunje katikati upate kitanzi cha kichwa, usokote kushuka uwe uti wa mgongo, kisha funga mikono na miguu. Kimo cha sentimita 25 kinatosha. Kunja magoti, viwiko na shingo sasa hivi, maana karatasi ikishakauka ukilazimisha kiungo kitapasuka. Mafundi wa Mexico City, wakiwemo wa familia maarufu ya Linares, hutumia pia matete.

2. Gundi
Koroga kikombe kimoja cha unga wa ngano kwenye kikombe cha maji baridi hadi mabonge yaishe. Mimina kwenye vikombe vitatu vya maji yanayochemka, ukikoroga mpaka iwe uji mzito unaong'aa. Ipoe kwanza.

3. Mwili
Gazeti lichane kwa mkono, usitumie mkasi. Kingo zilizochanika hulala vizuri. Jaribu kuchana kwa urefu na kwa upana: upande mmoja huchanika moja kwa moja, mwingine huenda ovyo. Fuata ule wa kwanza.

Kichwa ni bonge la gazeti kavu lililofungwa uzi, kisha likavikwa vipande vyenye gundi. Likiwa bado bichi, bonyeza matundu ya macho kwa kidole gumba. Kichwa kiwe kikubwa kupita kiasi, ndipo kalaka anapopata ucheshi wake. Mbavu ni vipande vyembamba vilivyosokotwa kama kamba. Kwenye viungo zungushia karatasi ya ziada, mfupa upate kifundo. Tabaka tatu au nne, kila moja ikauke penye upepo. Ukiharakisha, ukungu utaota ndani.

4. Rangi
Nyeupe mara mbili. Nyeusi ni ya macho, pua na meno: chora mstari mmoja mrefu wa mdomo, kisha ukate kwa vistari vifupi.

Ukitaka Catrina, yaani kalaka wa bibi anayejidai tajiri, mvishe kofia pana yenye manyoya. José Guadalupe Posada, mchongaji wa picha za kuchapa wa Meksiko aliyefariki mwaka 1913, alimchonga akiwa kichwa na kofia tu, kuwadhihaki Wameksiko waliojitia Uzungu. Mwili na gauni alipewa na mchoraji Diego Rivera katika mchoro wake wa ukutani wa mwaka 1947. Gauni ni nafuu kwa anayeanza, kwa kuwa linaficha miguu.

Malizia na vanishi ya maji. Ya mafuta hugeuza mifupa kuwa ya njano.