Tela lisikwame kwa valvu: namna ya kuendesha karakana vifaa vikiadimika

Mimi ni wa ununuzi na stoo katika karakana ya matela na bodi za tipa, Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam. Kuna vipindi ukipita getini kwetu utaona matela yamepangwa uani, rangi imekauka, taa zimefungwa, na hayatoki. Mwenye mali akija anadhani tunampiga danadana. Kumbe tela la mamilioni linasubiri valvu ya bereki inayoenea kiganjani.

Kwa hiyo ukitaka kujipanga, anza na vidogo. Kaa na fundi mkuu, mchukue mchoro wa tela moja, mwandike kila kinachotoka nje ya nchi. Halafu kwa kila kimoja jiulizeni: hiki kikikosekana, tela litatoka getini? Pleti ukiikosa kwa huyu utaipata kwa yule, hata ekseli zina wauzaji zaidi ya mmoja mjini. Vinavyokaba koo ni rilei valvu (inayopeleka hewa haraka kwenye bereki za tela), chemba za bereki (zinazogeuza hewa kuwa msukumo), slaki ajasta (mkono unaorekebisha nafasi ya bereki), nyaya za ABS (mfumo unaozuia tairi kujifunga ukikanyaga bereki) na kingipini (pini inayounganisha tela na kichwa cha lori). Kwa tipa ongeza sili za jeki na pampu ya haidroli. Vitu hivi ukivipima na bei ya tela zima ni pesa kidogo, na vyote vinaingia kwenye rafu moja. Weka akiba ya miezi sita, na mhasibu akikukunjia uso mwoneshe tela moja lililolala uani limeshika pesa kiasi gani. Ekseli usizilimbikize hivyo, zitameza mtaji na uwanja wote.

Halafu ujue kila kifaa kinapita bahari ipi. Wengi wanajua nchi tu: hii ya Ujerumani, hii ya China. Mwishoni mwa 2023 meli zilipoanza kushambuliwa Bahari ya Shamu, kampuni kubwa za meli ziliacha Mfereji wa Suez zikawa zinazunguka Rasi ya Tumaini Jema, huko chini Afrika Kusini. Mzigo wetu wa Ulaya ukachelewa. Wa China haupiti huko, unakatiza Bahari ya Hindi ukaja moja kwa moja, lakini nao ulionja joto: meli zikikaa baharini muda mrefu zaidi, nafasi na makontena hupungua dunia nzima, na nauli inapanda kwa wote. Ndiyo maana kuwa na muuzaji wa pili nchi ileile si kinga kubwa. Muuzaji wa pili awe anayetumia njia nyingine, au awe tayari ana mzigo Mombasa, Nairobi au Durban.

China ina jambo lake jingine, Mwaka Mpya wao. Huangukia kati ya 21 Januari na 20 Februari, viwanda vinafunga, wafanyakazi wanarudi kwao, na wakirejea hukuta oda zimerundikana. Ukihitaji kitu mwezi Machi, hakikisha kimepakiwa melini kabla ya Krismasi. "Imeshaandaliwa" ya kwenye WhatsApp usiihesabu. Dai bili ya shehena, ile hati ya kampuni ya meli inayothibitisha mzigo umepakiwa.

Sasa tuje kwenye kubadilisha chapa, maana hapa ndipo karakana nyingi zinapotengeneza tatizo jipya ili kutibu la zamani. Ekseli mbili zinaweza kuandikwa tani 13 zote mbili na zisiingiliane hata kidogo. Kabla hujalipa, pima. Boriti ni ya mraba au ya duara? Vitako na yubolti (bolti zenye umbo la U) za boriti ya mraba ya milimita 150 hazitakaa kwenye ya duara ya 127. Umbali kati ya vitako vya springi ni ule ule wa fremu yako? Bolti za tairi ni 10 kwenye duara la milimita 335, au ni mpangilio mwingine ambao mteja hana rimu zake? Kisha angalia bereki. Shimo la hewa kwenye chemba lina skrubu ya M16 ya Ulaya au ya inchi ya Kimarekani? Zinakaribiana kiasi kwamba kijana wa mkono mzito ataikaza kwa nguvu, na hewa itavuja mpaka Morogoro.

Tuna mzee mmoja wa bereki pale kwetu, haongei sana. Siku moja mzigo wa slaki umeingia, watu wote wanashangilia, yeye akachukua moja akaichungulia tundu, akanirudishia.

"Dada, hizi meno 28."

"Tulizoagiza je, mzee?"

"Shafti zetu zina 10."

Maboksi yakarudi kwa muuzaji mchana uleule, bado yana utepe. Tangu hapo kila kipuri cha chapa mpya kinapita mkononi mwake kabla sijasaini kupokea, na nakushauri nawe uwe na mtu wa namna hiyo. Mpe kiti karibu na mlango wa stoo.

Chuma nacho kina hesabu yake. Sema tipa imechorwa kwa pleti ngumu ya Hardox ya milimita 4, imeadimika, na mtu anakwambia weka pleti ya kawaida ya milimita 6, itadumu tu. Piga hesabu kwanza. Chuma cha mita moja ya mraba chenye unene wa milimita moja kina kilo 7.85. Bodi yenye mita 30 za mraba, ukiiongezea milimita mbili, umeongeza kilo 471. Kwa sheria ya uzito wa magari ya Afrika Mashariki, ekseli tatu za nyuma zenye tairi 12 zinaruhusiwa tani 24, na mizani ya malori ya Vigwaza, barabara ya Morogoro, haijui kwamba Hardox ilikuwa imechelewa. Karibu nusu tani ya kokoto mteja anaiacha machimboni kila safari, maisha yote ya tipa ile. Wapo watakaokubali, hasa wa umbali mfupi ndani ya mji. Wa kwenda Mbeya hakubali. Muulize kabla hujakata pleti, na jibu lake liwe kwa maandishi.

Vipo vya kutengeneza hapahapa, na mimi navipenda: yubolti, bushi, pini za springi, vishikio vya taa, madigadi, boksi la vifaa. Fundi mzuri wa kukereza pale Gerezani anakutolea bushi jioni hiyohiyo, mradi umpe sampuli na vipimo, usimpe maelezo ya mdomo. Ila kingipini usichongeshe mtaani hata uhaba uwe mkali vipi. Hiyo ndiyo inayoshika tela lote kwenye kichwa, na ikikatika mteremko wa Kitonga hakuna wa kusimulia. Valvu za bereki pia zinunue kwa muuzaji mwenye karatasi.

Kuvua kifaa kwenye tela moja na kulivisha jingine? Kila karakana inafanya, tusidanganyane. Fanya kwa utaratibu: daftari moja, msimamizi mmoja wa kuidhinisha, na lebo nyekundu inayoning'inia pale kilipotoka kifaa, yenye jina la tela lililokichukua. Bila hivyo baada ya muda unakuwa na matela manne yenye mapengo, na hakuna anayekumbuka nani anamdai nani.

Kwenye nukuu ya bei andika chapa mbili za ekseli tangu mwanzo, na useme bei ya kila moja. Weka pia muda ambao bei inasimama, kwa sababu dola na nauli ya meli havisubiri mteja aende benki. Tarehe ya kukabidhi ihesabiwe tangu vile vidogo vilivyotajwa juu viwepo stoo, usihesabu tangu siku ya malipo ya awali. Mteja atanung'unika siku hiyo. Mpigie wewe kila Ijumaa kabla hajakupigia, hata kama huna jipya: "Bosi, mzigo bado bandarini, wakala wa forodha anafuatilia." Anayepigiwa simu haji uani na ndugu zake.

Siku ya kukabidhi mpe karatasi yenye chapa na namba za vipuri ulivyofunga, hasa vile vilivyobadilishwa. Ibandike nakala nyingine kwenye nailoni ndani ya boksi la vifaa. Tela likiharibikia Tunduma, fundi wa huko ajue ni bitana za bereki za ekseli ipi anazotafuta.