Jinsi ya Kuchagua Bodi ya Shirika la Utalii na Uhifadhi

Shirika linalochangisha fedha kutoka kwa kampuni za utalii ili kutunza misitu, matumbawe au magofu ya kale lina tatizo lake la pekee: anayetoa fedha mara nyingi ndiye anayefaidika na mahali panapotunzwa. Mwenye hoteli ya ufukweni huchangia usafi wa ufukwe uleule. Hakuna ubaya hapo, ila akiingia kwenye bodi, yeye ndiye atakayeamua ruzuku iende ufukwe gani. Kwa hiyo uchaguzi wa bodi ya namna hii usiachiwe kunyoosha mikono mwishoni mwa mkutano, watu wakiwa wamechoka. Anza maandalizi siku 90 kabla.

Hatua ya 1: Soma katiba ya shirika

Andika kwenye ukurasa mmoja: idadi ya viti, urefu wa muhula, ukomo wa mihula, nani ana haki ya kupiga kura, akidi, siku za notisi, njia za kupiga kura zinazoruhusiwa, na namna ya kuamua kura zikilingana. Katiba ikiwa kimya kuhusu kura za mtandaoni, angalia sheria iliyosajili shirika kabla ya kuzitumia. Ukigundua dosari, irekebishwe kwa utaratibu wa katiba yenyewe kabla wagombea hawajajulikana. Kanuni ikibadilishwa majina yakiwa mezani, kila mtu ataona imebadilishwa kwa ajili ya fulani.

Kosa la kawaida ni bodi nzima kumaliza muhula siku moja, ikaondoka na kumbukumbu zote. Kwa bodi ya watu 9 na muhula wa miaka 3, panga viti 3 viwe wazi kila mwaka. Katika uchaguzi wa kwanza, wajumbe 3 wapewe miaka 3, wengine 3 miaka 2, na 3 waliobaki mwaka 1. Atakayepata muda upi iamuliwe kwa kanuni iliyotangazwa mapema, au kwa bahati nasibu.

Hatua ya 2: Unda kamati ya uchaguzi

Watu 3 wanatosha. Wasiwe wagombea, wala jamaa au waajiriwa wa wagombea. Mkurugenzi mtendaji asiwemo: bodi ndiyo inayomwajiri na kumwachisha kazi, hivyo atakuwa anasimamia uchaguzi wa wakubwa zake mwenyewe. Atoe nyaraka tu anapoombwa.

Hatua ya 3: Safisha daftari la wanachama

Migogoro mingi huzaliwa hapa, wala si kwenye kuhesabu kura. Kila kampuni iwe na mstari mmoja: jina, mwakilishi mmoja aliyetambulishwa kwa barua, anwani yake ya barua pepe, na tarehe ya malipo ya ada. Kampuni ikituma meneja na mwenye mali, na kila mmoja akadai kura, ni barua hiyo itakayoamua.

Kisha tazama umiliki. Mwenye mali mmoja anaweza kuwa na kampuni ya safari, hoteli mbili na kampuni ya magari, zote wanachama. Bila kanuni, ana kura 4. Weka wazi kwamba mmiliki mmoja ana kura moja, hata kama kila kampuni inalipa ada yake. Vilevile, anayelipa ada kubwa asipate kura nyingi zaidi.

Funga daftari siku 45 kabla ya siku ya kwanza ya kura. Likiachwa wazi mpaka mwisho, mgombea mwenye fedha atawalipia ada wanachama wapya dakika za mwisho na kushinda kihalali. Tuma orodha kwa wanachama wote, na utoe siku 7 za pingamizi.

Hatua ya 4: Chora jedwali la mapengo

Weka wajumbe wanaobaki upande mmoja, na ujuzi unaohitajika upande wa pili: hesabu na ukaguzi, sheria, ikolojia, uendeshaji wa safari, uchangishaji, na uzoefu wa kuishi kando ya hifadhi. Pengo litaonekana lenyewe; litangaze pamoja na wito wa kugombea.

Viti vya wenyeji wa maeneo yanayohifadhiwa viwe angalau viwili, na vipigiwe kura kwenye karatasi ya peke yake. Mjumbe aliye peke yake hukosa hata wa kumuunga mkono hoja. Tenga pia fedha za nauli na ukalimani, la sivyo viti hivyo vitabaki vitupu kuanzia kikao cha pili.

Hatua ya 5: Pokea wagombea

Fungua dirisha la siku 20. Fomu iwe na wasifu usiozidi maneno 200, wadhamini 2 kutoka kampuni tofauti, na tamko la maslahi: ajira, hisa, vibali vya kufanya biashara ndani ya hifadhi, ndugu walioajiriwa na shirika, na ruzuku alizoomba katika miaka 3 iliyopita. Tamko litangazwe pamoja na jina, ili mpiga kura alione kabla ya kuamua. Kwa viti 3, tafuta wagombea 5 au zaidi.

Hatua ya 6: Chagua njia ya kuhesabu

Njia iliyozoeleka, ya kila mtu kuchagua majina 3, ina hatari. Katika wapiga kura 120, watu 61 wakikubaliana majina matatu, wanachukua viti vyote. 59 waliobaki hawapati hata kimoja. Pale ambapo wenye hoteli na waendesha safari wana kambi zao, tumia kura ya upendeleo, ambapo mpiga kura hupanga wagombea kwa namba 1, 2, 3. Anayefikia kiwango cha ushindi hupata kiti, na kura zake za ziada huhamia kwa namba inayofuata; asipokuwepo, wa mwisho hutolewa na kura zake huhamia vivyo hivyo. Kiwango cha ushindi hupatikana kwa kugawa kura halali kwa idadi ya viti ukiongeza 1, kisha jibu likaongezwa 1: 120 ÷ 4 = 30, na 1, ni 31. Wale 59 wakiwatanguliza wagombea wao, hawawezi kukosa kiti.

Gharama yake ni elimu. Tuma karatasi ya mfano iliyojazwa, maana wengine huweka tiki tatu badala ya namba, na kura zao zikaharibika.

Hatua ya 7: Piga kura

Epuka msimu wa wageni wengi. Waongoza watalii hukaa porini siku nyingi bila mtandao, na akidi hukosekana kwa sababu hiyo tu. Acha kura wazi kwa siku 14, na uandike muda wa kufunga kama 18:00 pamoja na kanda yake ya saa. Ukiandika "saa 12", wapo watakaosoma adhuhuri.

Mfumo utenganishe jina la aliyepiga kura na kura yenyewe. Fomu ya kawaida ya mtandaoni inayorekodi barua pepe haina siri. Kila mwanachama apate kiungo chake kinachotumika mara moja; kijaribu kwanza kwa watu 5. Kumbusha wasiopiga kura siku ya 7 na siku ya 13.

Hatua ya 8: Hesabu na utangaze

Idadi ya kura ilingane na idadi ya majina yaliyowekwa alama daftarini. Tofauti ikiweza kubadilisha mshindi wa kiti cha mwisho, kiti hicho kirudiwe. Tangaza kura za wagombea wote, na zilizoharibika. Toa siku 7 za pingamizi, na kura zihifadhiwe chini ya lakiri mpaka zipite.

Hatua ya 9: Kabidhi

Peleka majina mapya kwa msajili na benki. Watia saini wa zamani wasiondolewe mpaka benki ithibitishe wapya, la sivyo mishahara ya walinzi wa hifadhi itakwama. Katika kikao cha kwanza, ruzuku ikijadiliwa, mjumbe mwenye maslahi atoke chumbani, na muhtasari uandike dakika aliyotoka na aliyorudi.