Kabla Hujafungua Sura ya Vekta

Wanafunzi wengi wa kidato cha tano wanaokwama kwenye vekta, yaani kiasi chenye ukubwa na uelekeo, hawakwamishwi na vekta yenyewe. Huponzwa na alama ya hasi. Mtu anaandika (−3)² = −9, na kuanzia hapo hesabu yote inakwenda mrama. Basi kwanza rudia kuzidisha namba hasi mpaka usisite, halafu rudi kwenye Kanuni ya Pythagoras. Ukubwa wa vekta ni kanuni hiyohiyo: mshale (3, −4) unakwenda hatua 3 kulia na 4 chini, kwa hiyo urefu wake ni kipeuo cha pili cha 9 + 16, yaani 5. Ukipata ukubwa wenye hasi, futa uanze upya.

Vekta kizio haina makuu. Gawanya kila sehemu kwa ukubwa, unapata (0.6, −0.8): uelekeo ni uleule, urefu umekuwa 1. Vekta sifuri ndiyo pekee isiyo na kizio, maana hakuna kugawanya kwa 0.

Muda wako utunzie zao la nukta, yaani namna ya kuzidisha vekta mbili ukapata namba. Lina njia mbili zenye jibu moja: zidisha sehemu kwa sehemu kisha jumlisha, au zidisha ukubwa kwa ukubwa kwa kosaini ya pembe iliyo kati ya vekta hizo. Anayejua ya kwanza tu hukokotoa upesi bila kujua amepata nini. Fikiria mtu anavuta mkokoteni kwa kamba iliyoinuka nyuzi 60 kutoka ardhini, kwa kani ya niutoni 100, mpaka usogee mita 20. Kosaini ya nyuzi 60 ni 0.5, hivyo kazi iliyofanyika ni jouli 1,000, si 2,000. Kamba ingesimama wima, jibu lingekuwa 0, jasho limtoke lisimtoke. Ndiyo maana (3, −4) na (4, 3), zenye zao la 12 − 12, yaani 0, zimekutana kwa pembe mraba, nyuzi 90. Hapa hasi inaruhusiwa: inakuambia pembe ni butu. Na jibu ni namba tupu. Ukiandika mshale, umesahau kujumlisha.

Mwisho, kikokotoo. Bonyeza kosaini ya 60. Kikileta −0.952 badala ya 0.5, kimewekwa kwenye radiani, kipimo kingine cha pembe; kibadilishe kwanza kiwe kwenye nyuzi.