Krosi ya propela shafti inapokufa mapema
Krosi mpya (kiungo chenye umbo la msalaba) ya propela shafti ya pikapu, yaani mhimili unaopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi magurudumu ya nyuma, ikianza kugonga muda mfupi baada ya kufungwa, usinunue nyingine kabla ya kuichunguza ile iliyotolewa. Unga mwekundu wa kutu ndani ya vikombe vinavyofunika ncha zake huonyesha kuwa grisi iliisha au sili ziliruhusu maji na vumbi, nalo vumbi ni jingi kwa magari yanayobeba zabibu kutoka mashamba ya Dodoma. Ikiwa grisi ingalipo lakini ncha za msalaba zimechimbika mistari, shuku mzigo uliozidi, au springi za nyuma zilizoongezwa, ambazo huinua bodi na kuifanya shafti iiname zaidi gari likiwa tupu. Lililo muhimu zaidi, na husahaulika mno gereji, ni masikio (sehemu zinazoishika krosi) ya ncha zote mbili za shafti kukaa kwenye mstari mmoja, kwani yakipishana wakati wa kuunganisha, mtetemo wake utaiua hata krosi bora.