Akaunti ya hisa ukiwa kazini Dubai: jina, anwani na njia ya pesa

Kujaza fomu ya kufungua akaunti ya hisa kwa broka (dalali wa hisa) hakumalizi hata saa moja. Kinachokwamisha maombi ya Mkenya, Mtanzania au Mganda anayefanya kazi Falme za Kiarabu, mara nyingi, ni jina lisilolingana, anwani isiyo na karatasi, au pesa iliyopita njia isiyokubalika. Hayo yote hurekebishwa kabla hujafungua tovuti ya broka.

Mfano wetu hapa ni Interactive Brokers, kampuni ya Marekani isiyodai kiwango cha chini cha kuanzia. Kwa mabroka wengine wenye leseni, karatasi zinazotakiwa ni karibu zile zile.

Tuanze na jina. Pasipoti inasema Amina Juma Bakari, kadi ya benki inasema Amina Bakari. Wewe unaona ni mtu yule yule. Mkaguzi wa broka anaona watu wawili. Jaza fomu kama pasipoti ilivyo, herufi kwa herufi, kisha angalia jina lililo juu ya stetimenti ya benki. Likipungua, peleka pasipoti na Emirates ID (kitambulisho cha mkaazi wa Falme za Kiarabu) tawi la benki walirekebishe kwanza. Ukipuuza, akaunti inaweza kufunguliwa vizuri kabisa, halafu pesa ya kwanza ikarudishwa.

Kwenye kupiga picha ya Emirates ID, ile alama inayometameta huakisi mwanga na kufuta namba. Iweke juu ya kitambaa cheusi karibu na dirisha, zima flashi, shika simu juu yake moja kwa moja, kona zote nne zionekane. Piga pande zote mbili. Pasipoti ikiwa kabatini kwa mwajiri, idai: sheria ya huko haimruhusu kuishikilia.

Anwani ndiyo inayosumbua zaidi. Barua za huko huenda kwa sanduku la posta, lakini fomu inataka mahali unapolala. Mwenye mkataba wa pango uliosajiliwa Ejari (mfumo wa Dubai wa kusajili mikataba ya pango), au bili ya DEWA (umeme na maji ya Dubai) kwa jina lake, amemaliza. Anayelala kampi, au aliyekodi kitanda kwenye chumba ambacho mkataba wake ni wa mtu mwingine, apitie benki: abadilishe anwani yake huko iwe jina la jengo, namba ya chumba, mtaa na emirati, kisha apakue stetimenti ya PDF ya karibuni yenye anwani hiyo. Picha ya skrini ya app haisaidii, kwa sababu kwa kawaida haina anwani. Usiandike anwani ya nyumbani Mombasa au Tanga ukidhani ni salama zaidi. Simu, benki na mwajiri vyote ni vya Dubai, na fomu itajikanusha yenyewe.

Kwenye sehemu ya kodi usijaze kwa mazoea. Falme za Kiarabu hazitozi kodi ya mshahara, na mfanyakazi wa kawaida hana namba ya mlipakodi. Fomu ina nafasi ya kueleza hivyo. Usibandike PIN ya KRA au TIN ya TRA ili kuziba pengo tu. Lakini kuna jambo wengi hawalijui: kwa sheria ya Kenya, na ya Tanzania pia, mwenye makazi ya kudumu nchini aliyekuwepo huko kwa muda wowote ndani ya mwaka huhesabiwa mkaazi wa kodi mwaka huo. Kama una nyumba yako Kitengela au Kigamboni na kila Desemba unakwenda likizo, muulize mshauri wa kodi kwanza, ndipo utie saini.

Utatia pia saini W-8BEN, tamko kwamba wewe si raia wala mkaazi wa kodi wa Marekani. Ukisaini mwaka 2026 inakwisha 31 Desemba 2029. Falme za Kiarabu hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, kwa hiyo gawio la hisa za Marekani (faida ambayo kampuni huwagawia wenye hisa) linakatwa asilimia 30. Mwenzako anayefanya kazi Ujerumani hukatwa 15. Kubwa kuliko hilo ni kodi ya mirathi. Asiyekuwa raia wala mkaazi wa Marekani akifa na mali za huko zinazozidi dola 60,000, ziada hutozwa hadi asilimia 40. Ndiyo sababu wengi hununua mifuko ya ETF (kapu la hisa nyingi linalouzwa sokoni kama hisa moja) iliyosajiliwa Ireland: mfuko hukatwa 15 kwa gawio la Marekani, na mirathi yako haiguswi na kodi hiyo.

Sasa pesa. Kadi ya mshahara ambayo kampuni nyingi hutoa chini ya WPS, mfumo wa serikali wa kulipa mishahara, si lazima iwe akaunti ya benki. Jaribio ni rahisi: je, una IBAN (namba ya kimataifa ya akaunti ya benki) ya herufi na tarakimu 23 inayoanza na AE, kwa jina lako? Kama huna, fungua akaunti ya benki kwanza. Usitume kupitia duka la kubadilisha fedha, wala akaunti ya rafiki. Pesa itafika na jina la duka au la rafiki, broka ataihesabu ni ya mtu wa tatu na kuirudisha, na makato ya kwenda na kurudi ni yako.

Kabla ya kutuma, ingia kwenye akaunti ya broka utoe taarifa ya pesa inayokuja: sarafu, kiasi, benki. Utapewa maelezo ya benki yao pamoja na rejea yenye namba ya akaunti yako. Inakili rejea hiyo kwenye nafasi ya maelezo ya malipo. Pesa isiyo na rejea inaweza kukaa siku kadhaa ikitafutwa mwenyewe. Dirham imefungwa kwa dola kwa 3.6725, hivyo benki ikikuuzia kwa 3.69 umelipa dirham 17.5 za ziada kwa kila dola 1,000. Juu yake kuna ada ya kutuma na makato ya benki ya katikati. Tuseme ada na makato hayo yanafika dola 25: ukituma 200 kila mwezi unapoteza asilimia 12.5, ukikusanya miezi mitatu ukatuma 600 unapoteza kama 4. Kusanya.

Aina ya akaunti chagua "Cash". "Margin" ni kununua kwa mkopo wenye riba, na kwa anayeanza hata asiye Mwislamu haina faida. Anayetaka mfuko unaofuata sharia, iShares MSCI World Islamic umesajiliwa Ireland. Ukinunua kwenye soko la hisa la London angalia bei iko kwa sarafu gani: mfuko ule ule wa Vanguard wa dunia nzima unauzwa kwa dola kama VWRA na kwa pauni kama VWRP, na kubadilisha sarafu kuna ada yake. Weka oda yenye bei ya kikomo, yaani bei ya juu kabisa unayokubali kulipa. Soko la New York hufungua saa 11:30 jioni ya Dubai majira ya joto, saa 12:30 jioni majira ya baridi.

Anayejiita "meneja wa akaunti" WhatsApp na kukutaka utume USDT (sarafu ya kidijitali) mfungie njia. Broka mwenye leseni hapokei pesa kupitia mtu wa WhatsApp.

Mkataba wa kazi ukiisha, mpangilio ndio muhimu. Visa ikifutwa, benki inaweza kuzuia akaunti, na laini ya simu inayopokea namba za siri haitadumu. Kwa hiyo ukiwa bado na laini hai, badilisha namba kwa broka, hamishia uthibitisho kwenye simu utakayorudi nayo, uliza kama wanapokea wakazi wa nchi unayokwenda, na sajili akaunti yako ya dola ya nyumbani kwa SWIFT (mtandao wa benki wa kutuma pesa kimataifa), kwa jina lile lile la pasipoti. Baada ya hapo ndipo upeleke Emirates ID ikafutwe.