Namna ya Kuchagua Kompyuta Kuu ya Kliniki ya Daktari Mmoja

Mwongozo huu nimemwandikia daktari au tabibu anayeendesha kliniki yake mwenyewe hapa Dodoma, au Kondoa, Mpwapwa na Manyoni, akiwa na muuguzi mmoja, mhudumu wa mapokezi, na kompyuta moja iliyobeba kila kitu: mafaili ya wagonjwa, majibu ya maabara, hesabu za dawa na madai ya bima. Kompyuta kuu ya kliniki yangu ilizimika asubuhi moja ya Jumatatu na haikuwaka tena. Mbele yangu alikuwa ameketi mama mwenye shinikizo la damu, ambaye wiki mbili kabla nilikuwa nimembadilishia dawa. Hakukumbuka jina la dawa hiyo wala miligramu zake, na mimi pia sikukumbuka. Tangu siku hiyo, kabla ya kuuliza kasi wala bei ya kompyuta, hujiuliza kwanza kwamba ikifa saa nne asubuhi, foleni ikiwa imejaa, itanichukua dakika ngapi kuendelea kutibu nikiwa na mafaili yangu mkononi.

Kabla ya kwenda dukani, andika kwenye karatasi programu zote zitakazotumika kliniki. Programu ya kumbukumbu za wagonjwa inaweza kuwa ile inayofunguliwa kupitia kivinjari, ambayo haichagui sana kompyuta, au ile inayosakinishwa ndani ya mashine, ambayo mara nyingi hutaka Windows. Kama una mashine ya altrasaundi inayohamishia picha kwenye kompyuta, muulize aliyekuuzia ni toleo gani la Windows linalokubaliwa, na umwombe akujibu kwa maandishi. Madai ya bima hutumwa kwa mtandao, hivyo hakikisha pia kwamba mfumo wa bima unayoipokea unafunguka vizuri kwenye kompyuta ya aina unayoikusudia. Karatasi hiyo ndiyo itakayokulinda na muuzaji anayesifu kile alichonacho kwenye rafu.

Watu wengi hutupa fedha kwenye ukubwa wa diski. Tupige hesabu: kliniki inayoona wagonjwa 30 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, hata kama kila hudhurio lingechukua kilobaiti 100, ambazo ni nyingi kwa maandishi matupu, itajaza chini ya gigabaiti moja kwa mwaka mzima. Kwa hiyo SSD, yaani diski ya kisasa isiyo na sahani inayozunguka, ya gigabaiti 256 inatosha, na ya 512 inatosha hata kwa mwenye picha za altrasaundi za kiasi. Kilicho muhimu ni kwamba iwe SSD, si diski ya zamani yenye sahani inayozunguka, kwa sababu SSD haina kiungo kinachosogea, hustahimili mtikisiko zaidi, na huifanya kompyuta ya kawaida iwake haraka. RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta hutumia inapofanya kazi, iwe gigabaiti 8 kwa uchache. Ukipata 16, chukua.

Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, inahitaji uangalifu zaidi, hasa kwa anayenunua kompyuta iliyotumika. Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, kwa upande wa Intel, inakubali kwa jumla prosesa za kizazi cha nane na kuendelea. Stika ya nje huandikwa "Core i5" tu, na muuzaji atakuambia i5 ni i5. Usikubali. Washa mashine, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha ufungue sehemu ya utendaji, usome jina kamili la prosesa: i5-7300U ni ya kizazi cha saba na haimo katika orodha ya Windows 11, ilhali i5-8350U ni ya kizazi cha nane na imo. Kizazi kinaonekana kwenye tarakimu ya mwanzo tu, lakini i5-7300U itakuacha na mafaili ya wagonjwa kwenye mfumo usiozibiwa matundu, hata kama fundi wa mtaani ataweza kuisakinishia Windows 11 kwa njia za kuzunguka.

Sasa nije kwenye ushauri wangu mkuu, ambao wenzangu kadhaa waliukataa mwanzoni. Kwa fedha ambazo ungenunulia kompyuta moja mpya ya kiwango cha juu, nunua kompyuta mpakato mbili zilizotumika, za kiofisi, zenye jina na modeli moja. Kompyuta za kiofisi kama ThinkPad, Latitude na EliteBook hutengenezwa zifunguliwe na kurekebishwa, na vipuri vyake hupatikana hadi Kariakoo. Moja iwe kompyuta kuu, iunganishwe na skrini kubwa, kibodi na kipanya ili uone vizuri unapoandika. Ya pili ikae mapokezi ikifanya kazi nyepesi. Siku kompyuta kuu itakapokufa, isipokuwa kama kilichokufa ni diski yenyewe, unafungua skrubu za chini, unaitoa SSD yake na kuiweka katika ile ya pili, na unaendelea kutibu kabla foleni haijaanza kunung'unika. Ni kazi ambayo fundi anaweza kukufundisha kwa mchana mmoja, na ninasisitiza ujifunze mwenyewe kabla ya siku ya haja. Kliniki yenye kompyuta moja nzuri humtegemea fundi. Naye fundi siku hiyo anaweza kuwa Singida.

Kompyuta ya mezani ina wanaoipenda, nami siwalaumu, kwa kuwa ni vigumu kuibiwa na ni rahisi kutengenezwa. Hata hivyo, hesabu ya umeme inanielekeza kwingine. UPS, yaani kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme unapokatika, ikiwa ndogo ya VA 650, kwa kawaida huwa na betri ya volti 12 na saa-ampea 7, yaani kama wati-saa 84 kwenye karatasi, na sehemu kubwa ya nguvu hizo hupotea njiani. Kompyuta ya mezani na skrini yake zikila wati 80, utapata takriban dakika 20 betri ikiwa mpya, na baada ya miaka miwili au mitatu utapata muda wa kuhifadhi kazi na kuzima. Kompyuta mpakato inayokula wati 20, yenye betri ya wati-saa 50, hukupa zaidi ya saa mbili bila kifaa kingine chochote. Kwa iliyotumika, usiamini maneno ya muuzaji juu ya betri. Fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, nawe utapata ripoti inayolinganisha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa. Ikiwa imeshuka chini ya nusu, dai betri nyingine au punguzo la bei. UPS ndogo bado inafaa kwa ruta ya intaneti. Printa ya leza, kwa upande wake, isichomekwe kwenye UPS hata siku moja, kwa kuwa huvuta umeme mwingi mno inapopasha moto.

Mvua zetu, kati ya Desemba na Aprili, huja na radi. Kifaa cha kukinga mshtuko wa umeme hakisaidii ipasavyo penye ethi (waya wa kupeleka umeme wa hatari ardhini) mbovu, na nyumba nyingi zilizogeuzwa kliniki hazikuwahi kupimwa ethi, kwa hiyo mlipe fundi umeme mwenye leseni aipime kabla hujachomeka chochote cha thamani. Wakati wa kiangazi adui ni vumbi. Usiweke kompyuta sakafuni wala chini ya dirisha linalotazama barabara ya vumbi, na kila baada ya miezi mitatu izime, uipulize matundu ya feni kwa kipulizio. Kompyuta inayopata joto huku ikifanya kazi ndogo mara nyingi imejaa vumbi.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti, na inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kwa uchaguzi wa kompyuta, maana yake ni kwamba diski isimbwe, yaani isisomeke bila ufunguo, ili mwizi abebe chuma tu. Chagua yenye Windows Pro, iliyo na BitLocker ya kusimba diski, na ule ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48 uuchapishe na kuuweka kwenye kabati la chuma, maana siku utakapohamisha SSD kwenda kompyuta ya pili utaombwa ufunguo huo, na usipokuwa nao umejifungia nje ya mafaili yako mwenyewe. Kila mfanyakazi awe na akaunti na nenosiri lake. Skrini isitazame benchi la wagonjwa.

Nakala za akiba ziingie kwenye bajeti siku hiyohiyo ya kununua. Nunua diski mbili za nje, zote zisimbwe. Moja ichomekwe jioni, inakili, kisha ichomolewe, na nyingine ikae nyumbani kwako, mkizibadilisha kila Ijumaa. Diski inayobaki imechomekwa usiku na mchana itafungwa pamoja na kompyuta siku programu hasidi itakapoingia. Ukitaka pia kuhifadhi nakala kwa mtandao, jua kwanza seva ziko nchi gani, kwa sababu sheria hiyohiyo inaweka masharti ya kusafirisha taarifa binafsi nje ya Tanzania. Vitabu vya MTUHA, vile vya serikali vya taarifa za huduma za afya, viendelee kujazwa kwa mkono kama kawaida.

Dai risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi, na waranti iliyoandikwa, kisha ufanye jaribio moja kabla ya kuhamishia kazi yote kwenye mashine hizo. Jumamosi mchana, kliniki ikiwa imefungwa, zima kompyuta kuu, iweke kando kana kwamba imekufa, chukua diski ya akiba, na ujaribu kulifungua faili la mgonjwa wa jana kwenye kompyuta ya pili huku ukitazama saa. Mimi mara ya kwanza nilitumia saa mbili na robo, kwa sababu programu ya kumbukumbu ilitaka nenosiri ambalo halikuandikwa popote. Mara ya tatu nilitumia dakika 25.